Sikulalia Kaburi la Mtu Baki

Riverdale Park, Maryland,
Amerika.

Mama Kulwa,

Kabla sijakusalimia, weka kwanza hiyo sufuria chini unisikilize. Hiyo habari mnayosimuliana hapo Ipuli mmeipata kwa Sospeter, na huyo mtoto wa marehemu mdogo wangu tangu zamani hajui kusimulia. Hata alipoumwa na mbwa alikuja analia kwamba kaumwa na jirani. Kakupigia simu, mdogo wako Nyamizi kasikia nusu, akaongeza chumvi, muuza mkaa akaongeza pilipili, na sasa sokoni Tabora nasikia mnasema Maganga kalala juu ya kaburi la Mzungu huko Amerika, anapiga kelele, mpaka polisi wakamtia pingu. Mzungu gani? Pingu gani? Wote mnaisimulia vibaya. Aliyelala ni mimi, kwa hiyo anayejua alilala wapi ni mimi.

Haya, sasa mwangaluka, mke wangu. Goti lako linasemaje? Yule mbuzi wa pembe moja bado anakula kanga za watu? Na Kulwa ameshaezeka ule upande wa jikoni, au bado anaupima kwa macho? Mimi mwili upo. Pacha wake, Doto, hajambo, kazi yake ni ileile kwenye nyumba ya kulea wazee, anawaogesha wazee wa watu mchana kutwa, akirudi nyumbani anakuta mzee mwingine anamsubiri. Anasema, "Baba, wewe nakupendea kitu kimoja, unaoga mwenyewe." Mjukuu wako Rehema amekua. Kiswahili anakisikia chote, hata kile nisichotaka akisikie, lakini kujibu anajibu Kiingereza. Nikimwambia aniletee chumvi analeta sukari, anacheka, anasema, "Sorry, Babu." Huo utani kautoa kwangu, hilo silikatai.

Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe, ndo maana herufi zimelala kila moja ilipochokea. Tulisoma wote kisomo cha watu wazima pale kwenye ghala la tumbaku, wewe ukafaulu kuandika, mimi nikafaulu kuchekesha darasa. Usome polepole.

Sasa ili ulielewe hilo kaburi, lazima nikutembeze mji. Hii Washington mnayoisikia kwenye redio sio mji mmoja. Ni vijiji vingi vimeshonwa na lami, na kila kimoja kina roho yake, kama watoto wa tumbo moja. Mimi nimevijua vyote. Hata madereva wananiuliza njia.

Nilipofika, mwaka ule wa mvua za elinino, nilianzia Bowie kwa Sospeter. Bowie ni kwa wakubwa wa serikali. Nyumba kubwa, kila moja imesimama peke yake na majani yake mbele yamenyolewa kama kichwa cha mwanajeshi. Saa moja asubuhi wote wanaingia kwenye magari wanaondoka, mtaa unabaki na ndege na mimi. Nikakaa siku ya kwanza, ya pili, nasubiri Sospeter anipeleke kwa balozi wa nyumba kumi nikajitambulishe. Si unajua kwetu, mgeni akilala bila balozi kujua, hata kama katoka Urambo tu hapo, ni kama mwizi. Sospeter kimya. Nikaona huyu mtoto kasahau adabu, nitajipeleka mwenyewe.

Nikavaa ile suti ya harusi ya Kulwa, nikashika fimbo, nikaanza nyumba ya kwanza. "Hodi!" Kimya. Ya pili, pazia likacheza, kimya. Ya tatu akatoka bibi mmoja mweusi kama sisi, nikafurahi, nikamwamkia, nikamwonyesha nyumba zote kwa fimbo, moja, mbili, tatu mpaka kumi, nikamwuliza mkuu wao nani. Akafunga mlango taratibu kabisa, kama mtu anayefunika chakula. Nyumba ya sita sikuifikia. Likaja gari la polisi, kijana mpole, akanifungulia mlango wa nyuma. Akaanza kunizungusha mtaani nimwonyeshe nyumba ninayokaa. Mama Kulwa, zile nyumba zimezaliwa siku moja! Madirisha yaleyale, rangi ileile. Kila akisimama mimi natikisa kichwa. Tukazunguka mpaka kijana wa watu akaninunulia soda, mwisho nikaijua nyumba kwa kandambili zangu nilizoacha mlangoni.

Jioni Sospeter kaja kanikuta kwenye ngazi za nyumba yake nimekaa na polisi tunasubiri mwenyewe.

"Baba mkubwa! Huku huwezi kupiga hodi tu hivi. Watu wana-call polisi."

"Sasa mtu akiugua anampigia nani hodi?"

"Wana-call ambulance."

"Na akifiwa?"

Akavua tai, akaiangalia. "Baba mkubwa, we kula kwanza, tutaongea."

Mpaka leo hatujaongea.

Baada ya hapo nikahamia huku Riverdale kwa Doto, nyumba ya ghorofa, chumba na sebule. Hapa ndo kwenye watu! Treni inapita katikati ya mji, ikipita magari yote yanasimama, hata ya matajiri. Kuna barabara kubwa yenye maduka, wanawake wanakaa nje, watoto wanapiga mpira. Wengi ni watu wa Salvador, weupe wa kahawia, wanakula mikate ya mahindi ya kukandwa kwa viganja, ndani wanatia maharage, ungewaona ungesema ni dada zako. Kuna mama mmoja wa chini yetu, Marta, anajua nani kazaa, nani kahama, nani kapigana na mumewe. Siku ya kwanza nilipopita kwake alitoka akanikagua juu mpaka chini, akanipa mkate. Nikamwambia Doto, "Balozi nimempata." Namwamkia kila asubuhi kwa Kiswahili, ananijibu kwa lugha yake, hatujawahi kugombana.

Kijiji cha tatu ni Herndon, upande wa pili wa mto, jimbo lingine kabisa, Virginia. Huko kuna uwanja mkubwa wa ndege na maofisi ya vioo ya watu wa kompyuta. Na huko ndo alikokuwa Pazi.

Pazi nilimpata kwenye nyama choma ya Watanzania, huko bustanini. Nimekaa nimepewa kiti cha wazee, namsikia mzee mmoja wa kofia ya kiua nyuma yangu anasema kwa sauti, "Jamani hapa pananuka asali na jasho. Nani kaleta mpagazi?" Moyo wangu ulipasuka kwa raha. Sikugeuka. Nikasema, "Na mimi nasikia ngoma. Mzaramo kauza bati la nyumba kaja Amerika kucheza mdundiko." Tukashikana palepale, mikono mabegani, wazee wawili tunatukanana babu na bibi, na vijana wote wamesimama na sahani wanadhani tunapigana. Mwanamke mmoja Mkenya, nesi, akaja anatutenganisha anasema, "Wazee, please, mko na pressure!" Pazi akamwambia, "Mama, pressure yangu ndo hii, niachie."

Unaelewa wewe, Mnyamwezi na mtani wake Mzaramo matusi ndo salamu. Tangu nimekuja nchi hii kila mtu ananiheshimu. Shikamoo mzee, pole mzee, kaa mzee, usiguse hicho mzee. Mtu wa kunitukana nilikuwa sina.

Tangu siku hiyo ikawa ni simu. Doto alinifundisha namba moja tu, na ilikuwa ya Pazi. Kila siku nikishakunywa chai napiga.

"Mpagazi, umeamka? Leo umebeba nini?"

"Nimebeba ujinga wa ukoo wako, sijui niutue wapi."

"Utue hapohapo Riverdale. Kwenu kuna nini? Treni ya mizigo tu. Mmeona mizigo mkaona mfanye nyumbani."

"Na nyie Herndon ndege zinatua mpaka chai inacheza kikombeni, mnadhani ngoma, mnaitikia."

"Njoo uone. Huku ndege moja inashusha watu wengi kuliko Tabora nzima."

"Nitakuja."

"Lini?"

"Wiki ijayo."

Hiyo wiki ijayo, Mama Kulwa! Toka kwangu mpaka kwake si mbali hata kama Tabora na Sikonge. Lakini huku mtu bila gari ni kama mtoto mgongoni, huendi mpaka aliyekubeba aende. Doto anaingia kazini, Sospeter yuko busy, Shomari mtoto wa Pazi naye yuko busy, wote wanasema wiki ijayo, na wanasema kweli, hawadanganyi, wiki tu ndo haiji. Mara mbili tu Sospeter alinipeleka, akakaa anaangalia saa yake. Pazi alikuwa anasema, "Dunia imegeuka. Wanyamwezi mlibeba mizigo ya Waarabu, ya Wazungu, ya kila mtu. Sasa nyie ndo mzigo." Anacheka mpaka anakohoa. Na mimi nilicheka, lakini nikikata simu nilikuwa nakaa kidogo.

Siku moja hakuanza na matusi. Akasema, "Maganga, huku wanazika kimya."

"Umejuaje?"

"Juzi kazikwa mtu wetu. Nimekwenda. Dua imesomwa, udongo umetiwa, kila mtu kaingia kwenye gari lake. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyetukana. Hakuna aliyelala kaburini akadai chake. Mimi nikizikwa hivo nitaona aibu huko niendako."

"Wewe aibu umeijulia wapi?"

"Sitanii."

"Ndo unanitisha sasa."

"Nikifa uje unilalie. Shomari usimwachie hivihivi mpaka akulipe. Ana kuku kwenye friza wameganda kama mawe, mdai huyo."

"Nitakuja, na kofia yako nitaivaa mimi."

"Utakujaje, mzigo wewe? Nani atakubeba?"

Nikamwambia, "Pazi, babu yangu alitoka Tabora mpaka Bagamoyo na pembe ya ndovu begani. Mimi nitashindwa Herndon? Nitakuja kwa miguu yangu."

Akakohoa. Halafu akasema, "Haya, mtani. Nimekuamini." Matusi hakutia hata moja. Nikajua kaniapisha.

Majani ya miti yalipoanza kugeuka rangi, akalazwa. Akatoka. Akalazwa tena. Simu nikipiga inaita tu. Jumamosi moja ile mashine ya simu ya Doto ikawa inawaka taa nyekundu, inazima, inawaka. Mimi nikaiona. Nilikaa nayo mchana mzima, chai yangu mkononi, inapepesa na mimi napepesa. Nikadhani ndo inavyopumua. Doto alirudi amechoka, akalala na nguo za kazi, alfajiri akaondoka tena na gari. Jumapili asubuhi Rehema ndo akabonyeza kitufe, nikasikia sauti ya Shomari imekauka: "Mzee Maganga, shikamoo. Baba ametutoka leo alfajiri. Tutazika kesho, baada ya sala ya adhuhuri." Akataja na jina la makaburi.

Kesho yenyewe ilikuwa ndo hiyohiyo.

Nikamwambia Rehema piga kwa Shomari. Haipokelewi, wako msikitini. Piga kwa Sospeter. Yuko kanisani. Piga kazini kwa mama yako. Wakasema ngoja, wakatuwekea muziki. Mama Kulwa, umefiwa, unapigiwa muziki! Nikasema basi. Nikamwambia mtoto aniandikie jina la makaburi kwenye kiganja cha mkono, karatasi mimi napoteza. Akaandika kwa wino wa bluu, ananiangalia, na kwa mara ya kwanza akanijibu Kiswahili: "Babu, usiende. Utapotea." Nikampeleka kwa Marta. Yule mama aliniangalia usoni, akamshika mtoto mkono, akanifungia mkate kwenye kitambaa.

Treni niliijua, tulishapanda na Doto. Ya kwanza nikashuka kwenye kubadilisha, nikapanda ya pili, nikawa nawaonyesha watu kiganja kama omba omba. Wengine wanageukia dirishani. Kijana mmoja akanionyesha kwa kidole: mpaka mwisho, halafu basi. Nikafika mwisho. Nikakaa kituo cha basi na jua likapanda likanipita. Hakuna basi. Kumbe njia ile Jumapili basi hakuna. Hilo Pazi hakuniambia, na yeye alikuwa hajawahi kupanda basi, mzigo kama mimi.

Nikaanza kwa miguu. Nilisema nitakwenda kwa miguu, si ndiyo? Hiyo barabara, mke wangu, haina pa mguu. Upande huu magari yanapita kama yamefukuzwa, upande ule majani na maofisi ya vioo, matupu, kila kioo kina mzee wa suti anatembea, naangalia hivi, ni mimi. Kila nikipiga hatua, wale wazee wote wanapiga. Nikasema angalau leo Wanyamwezi tumekuja wengi.

Nilikuwa nimeshaanza kusema peke yangu kwa sauti, "Mungu wangu, Pazi, nimechoka," likasimama gari la teksi mbele yangu. Akashuka baba mmoja mnene na sweta ya njano.

"Papa! Hapa batu habatembeaka na miguu. Magari itakuua!"

Nilitaka kumbusu. Mkongo, wa Lubumbashi, anaitwa Ilunga, anabeba abiria wa uwanja wa ndege. Nikamwambia nina msiba, mtani wangu anazikwa saa hii. Neno mtani hakulijua, msiba alilijua. Akanifungulia mlango wa mbele. Akashika kiganja changu akakisoma. Jasho lilikuwa limeshakula nusu.

"Papa, hapa naona mwanzo tu. Makaburi ya kuanza hivi iko moja kwa hii njia. Ni yeye?"

"Ndo hiyohiyo," nikasema, kama mtu aliyezaliwa hapo.

Tulifika jua limeshalala upande. Hakuna gari hata moja. Makaburi mapana kama uwanja wa mpira, majani yamekatwa, na huko nyuma karibu na uzio ndo kipande cha Waislamu. Ilunga akabaki kwenye gari. Mimi nikaenda kwa fimbo. Na nikaliona: kaburi moja bichi, udongo bado mwekundu, halina jina, limechomekwa kijiti tu. Moja, nasema. Hapo ndo Sospeter anapopotosha.

Niliita, "Hodi!" Halafu nikapanda, nikalala chali, suti ya harusi na kila kitu. Nikamwambia: "Pazi, mvivu wewe! Wenzako wamekuacha, hata kusubiri mtani hukuweza? Ulizoea kuwahi ubwabwa, sasa umewahi na kaburi! Mwana wa wauza bati! Nimekuja kwa miguu yangu, umeona? Haziki mtu hapa! Hatoki mtu mpaka nilipwe! Yuko wapi Shomari? Nataka kuku, nataka kofia!"

Nikasubiri.

Unajua kwetu inavyokuwa. Mtani akilala, wafiwa wanakuja, wanambembeleza, wanamkasirikia, mjane mwenye machozi anaanza kucheka bila kupenda, mtu anatoa kuku, ndo mtani anainuka. Yaani ni lazima uinuliwe. Sasa pale nimelala, najisikia sauti yangu imekwenda mpaka kwenye miti imerudi peke yake. Nikatukana tena. Nikatukana mpaka matusi ya bibi yangu. Hakuna wa kunilipa. Na bila kulipwa siwezi kuinuka, nikiinuka bure ni kama si mtani, ni mzee tu aliyeanguka. Na nikuambie kweli, hata magoti yalikuwa yameshakataa.

Ilunga akaja mbio. "Pole, Papa. Pole sana."

"Usinipe pole, nipe kuku!"

"Kuku?"

Nikamweleza palepale chini, yeye amechuchumaa. Akafikiri, akaenda garini, akarudi na mkate wake. "Niko na mukate tu. Nalipa mimi. Simama, Papa."

"Wewe ni ndugu wa marehemu?"

"Hapana."

"Basi huwezi."

Akakaa chini karibu yangu, akala ule mkate nusu, nusu akaniwekea kifuani. Tukakaa hivo.

Mlinzi wa makaburi ndo aliyeita polisi. Akaja askari mwanamke, kijana, wala pingu hakugusa. Ilunga akamweleza, Kiingereza chake nacho kina Kifaransa ndani. Yule dada alivua kofia. Walitafuta namba mfukoni kwangu, ile aliyonishonea Doto kwenye koti kama mtoto wa shule, wakapiga, akapatikana Sospeter. Alikuja na suti ya kanisani.

"Baba mkubwa, inuka. Unatuaibisha."

"Nilipe."

"Mimi nikulipe? Mimi si Mnyamwezi kama wewe?"

Hapo alinishinda. Kwa mara ya kwanza Sospeter kasema neno la akili, na ndo hilo. Mtani Mnyamwezi halipwi na Mnyamwezi mwenzake. Basi wakaja wote wawili, yeye na Ilunga, wakanishika makwapani, wakaniinua kama gunia la karanga mpaka garini. Walinibeba, Mama Kulwa. Mnyamwezi kabebwa kutoka kaburini kwa Mzaramo, bila malipo. Pazi angekuwepo angecheka mpaka kofia ianguke.

Sospeter aliendesha mpaka tukavuka mto. Halafu akasema, "Ungenisubiri, baba mkubwa. Wiki ijayo ningekupeleka."

Siku zilizofuata sikushika simu. Namba nilikuwa naijua moja tu, ningempigia nani?

Halafu jioni moja hodi. Ni Shomari. Hajawahi kufika Riverdale hata siku moja baba yake akiwa hai. Kasimama mlangoni na nguo za kazini, macho mekundu, mkononi ana mfuko wa plastiki unatoa baridi. Akaingia, hakuniamkia. Akatoa kuku, amekauka kama jiwe, akampiga mezani, pwa! mpaka vikombe vikaruka.

"Haya, mpagazi," akasema. "Toka juu ya baba yangu."

Nikamwambia, "Huyu kuku mdogo. Baba yako alikuwa na deni la kuku wawili." Akaanza kucheka, akacheka, akakaa chini akalia mpaka Rehema akatoka chumbani na taulo. Akatoa na ile kofia ya kiua akanivisha. Inanibana, kichwa cha Mzaramo kidogo, nilishasema.

Akasema, "Mzee, ile siku sikuona hata wanazika upande gani. Watu walinishika, nikarudishwa garini. Nikawa naona kama tumemwacha njiani. Sospeter aliponiambia, ndo nikalala usingizi." Halafu akauliza, "Si ulimkuta kule uzioni? Nakumbuka uzio tu."

"Kule kule uzioni," nikamwambia.

Basi ndo habari yenyewe. Hayo ya Mzungu na pingu muyatupe jalalani.

Doto anasema nirudi baridi ikipita, akipata likizo. Sijui likizo hiyo ni ndugu yake na wiki ijayo. Mimi sina la kufanya, nakaa dirishani, treni inapita, mchana nanyanyua simu naisikiliza inavyolia halafu naiweka. Kila mtu ananiheshimu tena. Na mimi nikifa huku, nani atanilalia? Marta atanipa mkate, hilo najua.

Nisalimie Kulwa na mkewe, na jiko lao lisilo na paa. Msalimie mdogo wako Nyamizi, chumvi yake nimeionja mpaka huku. Muuza mkaa mwambie pilipili yake nitamlipa nikirudi. Balozi wetu wa nyumba kumi mwambie nipo, sijahama, asinitoe. Na yule Mzaramo mshona viatu wa Ng'ambo, ambaye nimemtukana miaka yote bila kumpenda, mpelekee karanga kidogo. Mwambie Maganga anaomba asife kabla yake.

Na hili la mwisho usilisome kwa sauti, lisome peke yako.

Hilo la kaburi moja ni chumvi niliyotia mimi. Yalikuwa mawili, yote mabichi, yote kijiti tu. Moja uzioni, moja huku karibu na njia. Miguu ilikuwa imekwisha, nikalala la njiani. Kuku wa Shomari tumeshamla.

Lakini sauti yangu unaijua, Mama Kulwa. Mpaka uzioni ilifika.

Mumeo, mzigo,
Maganga